Movi ya The Raven: kwani Poe alikufa hivyo kweli?

mtu_wa_Kondele:
Wadau, juzi niliwekewa The Raven ya 2012 kwa flashi, ile John Cusack anaigiza Edgar Allan Poe, yule mwandishi wa Marekani. Kuna muuaji anaua watu akifuata hadithi za Poe mwenyewe, halafu anamteka mchumba wake Emily, mwisho Poe anakunywa sumu ndio aambiwe dem yuko wapi, anaenda kuzimia kwa benchi. Hiyo stori ni ya ukweli ama nimechezwa?

Section58:
Umechezwa boss. Muuaji hakukuwa, Emily hakukuwa. Poe alitoka Richmond mwisho wa Septemba 1849, tarehe 3 Oktoba akapatikana Baltimore kwa baa, si benchi, akili imeruka na amevaa nguo si zake. Jamaa wa kupanga herufi kwa gazeti ndiye alimtambua, akaandikia daktari mmoja rafiki ya Poe aje haraka. Akafia hospitali tarehe 7, miaka 40 tu.
Sasa sikia, hiyo tarehe 3 ilikuwa siku ya uchaguzi na hiyo baa ndio ilikuwa kituo cha kura. Kuna wanaosema alishikwa na magenge ya wanasiasa, wale walikuwa wanafungia watu mahali, wanawalewesha, wanawabadilisha nguo ndio wapige kura tena na tena. Hakuna ushahidi lakini mtu wa Nakuru hahitaji kuchorewa hiyo. Ningekuwa dairekta ningepiga movi ya hiyo baa, wachana na mambo ya sumu.

mwalimu_Kakamega:
Kuna daktari pia 1996 alisema ilikuwa kichaa cha mbwa, wengine wanasema ni pombe, kila mtu na yake. Mimi kilichoniuma ni Griswold, mhariri aliyekuwa adui ya Poe. Kwa movi anakatwa tumbo na lile panga la kubembea la hadithi ya Poe, watu wanashangilia, kumbe kwa ukweli Poe ndiye alitangulia kufa! Poe alipokufa tu, Griswold akaandika tanzia akijificha nyuma ya jina lingine, akamchafua vibaya, baadaye akaongeza wasifu wa Poe uliojaa uongo na watu wakaamini miaka mingi. Griswold mwenyewe aliishi mpaka 1857. Yaani mbaya wa ukweli wamemmaliza mapema ndio waweke mbaya wa kubuni, mimi hapo niliboeka kabisa.

mtu_wa_Kondele:
Ngoja kwanza Section58, si muuaji kwa movi pia ni mpanga herufi wa gazeti?? Yaani yule alimsaidia ndio wamegeuza muuaji?

Section58:
Inakaa hivyo, hata mimi sijawahi kuona hiyo 😂 Na lile jina Reynolds, daktari wa hospitali alisimulia Poe alikuwa akiliita usiku kabla akate roho, mpaka leo hakuna anajua alikuwa anaita nani. Movi ikampatia muuaji hilo jina.

bibi_wa_Bondo:
Na nyinyi mmetoboa mwisho wote, mimi nilikuwa nimeiweka ya Jumamosi.

Section58:
Pole mama, lakini movi ya 2012?