Naomba ushauri: kiwanja Msangamkuu, dalali anasema handaki la chini ya bahari linakuja

Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara mjini nina vihela vyangu vya korosho nataka kununua kiwanja Msangamkuu, sasa kuna dalali kanikomalia nilipe fasta maana eti litajengwa handaki la magari chini ya bahari na bei itapaa. Nikacheka, akatoa simu akanionyesha video, gari linazama chini ya bahari halafu linakuta kipilefti huko huko chini kina mataa ya bluu!

Nimefuatilia, ile kitu ipo kweli ila ni visiwa vya Faroe huko Ulaya, lilifunguliwa Desemba 2020, urefu kilomita 11 na ushee, sehemu ya chini kabisa mita 187 chini ya usawa wa bahari. Wamelipua mwamba kwa baruti na ukipita unalipia. Safari ya dakika 64 imekuwa 16.

Sasa hapa kwetu unavuka na pantoni hata mhogo wako wa kuchoma haujaisha, nani atachimba handaki? Na mimi sijasikia tangazo lolote la serikali, dalali tu na simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Waliowahi kununua upande ule, nianzie wapi kuhakiki, serikali ya kijiji au ardhi wilayani? Na bei nimkatalie vipi, maana jamaa ni shemeji yangu.