Kwa nini dawa za kuzuia CGRP hupimwa kwenye ngozi ya kima badala ya panya?

Mwanafunzi_Famasia:
Ndugu wanajukwaa, ninasoma kuhusu dawa za kipandauso zinazozuia CGRP, ile peptidi yenye asidi amino 37 inayotokana na jeni lile lile la homoni ya kalsitonini. Naelewa kwamba mtu akidungwa peptidi hii mshipani uso humwiva kwa wekundu, moyo humwenda mbio na shinikizo la damu hushuka, kwa kuwa mishipa hutanuka. Nisichoelewa ni kwa nini watafiti waliwahitaji kima na marmoseti (kima wadogo wa Amerika Kusini), ilhali panya ni rahisi kumtunza na naye ana CGRP. Tena, wekundu wa ngozi ya mkono wanaoupima katika majaribio hayo unahusiana vipi na kichwa kinachouma?

Mzee_wa_Maabara:
Nianze na swali lako la mwisho. Pete ndogo ya mpira huwekwa kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kisha ndani yake hudondoshewa kapsaisini, ile kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Kapsaisini huzichokoza ncha za neva za hisia, nazo humwaga CGRP, misuli ya vishipa hulegea, na baada ya muda mfupi ngozi huwa nyekundu ndani ya pete na kuizunguka. Mtiririko wa damu hupimwa kwa leza ya Doppler. Ngozi ya mnyama aliyetangulia kupewa dawa isipokuwa nyekundu kama kawaida, unajua kwamba dawa imekifikia kipokezi, yaani mahali kwenye seli ambapo CGRP hushika ili ifanye kazi, na kukiziba. Jaribio hili halipimi maumivu hata kidogo, ila husaidia kukadiria dozi kabla ya kumgusa mgonjwa, na linafanyika vile vile kwa kima na kwa binadamu.

Bi_Kemia:
Kuhusu panya, kiini cha jambo ni kipokezi chenyewe. Kipokezi cha CGRP kina sehemu mbili, CLR na RAMP1, na CLR peke yake haifanyi kazi. Katika nafasi ya 74 ya RAMP1, binadamu na marmoseti wana triptofani, lakini panya ana lisini. Tofauti hiyo ya asidi amino moja ilitosha kuifanya olcegepant, mojawapo ya dawa za mwanzo za kundi hili, ishike kipokezi cha binadamu kwa nguvu zaidi ya mara 100 kuliko cha panya. Watafiti walipoibadilisha lisini ya panya kuwa triptofani, kipokezi chake kilianza kuishika dawa kama cha binadamu. Kwa hiyo dawa nzuri ingeweza kutupwa kwa sababu tu ilipimwa kwa mnyama asiyefaa.

Mwanafunzi_Famasia:
Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, kuiziba peptidi inayotanua mishipa hakupandishi shinikizo la damu?

Mzee_wa_Maabara:
Swali zuri. Erenumab, kingamwili inayoziba kipokezi hicho, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na mwaka 2020 maelezo yake yaliongezewa tahadhari ya shinikizo la damu kupanda. Jambo moja la pembeni, maana wengi hulichanganya: uso mwekundu wa kima aina ya rhesus katika msimu wa kupandana hutokana na estrojeni kuongeza damu kwenye ngozi. Anayepima dawa hizi kwa kuangalia uso badala ya mkono ajihadhari na msimu huo.