Vifaranga wiki ya nne: nisubiri, nitoe antibayotiki, au nianze dawa ya koksi?

Mfugaji_Moro
Wakuu, habari za humu. Nina vifaranga chotara mia na kitu hapa Morogoro, wanaingia wiki ya nne. Shingo na migongo imebaki wazi, manyoya yamesimama ovyo. Mchana wengi wanashusha mabawa na kuhema midomo wazi. Vinyesi vingine ni vya kahawia, vinanata kama uji wa ulezi, na harufu yake si ya kawaida. Wawili watatu wanajikunyata pembeni. Jirani anasema niwaache, ni manyoya yanabadilika. Muuzaji wa duka la dawa anataka nipige antibayotiki banda zima. Binamu yangu anasema hiyo ni koksi, ule ugonjwa wa utumbo, nitoe amprolium, dawa yake, leo leo. Mngeanza na ipi?

BibiWaKuku
Mwanangu, umechanganya mambo matatu kwenye kapu moja. Manyoya: jirani yako amesema kweli. Kifaranga wa wiki ya tatu na ya nne hana sura, yale malaika ya utotoni yanatoka na ya kudumu bado yamo kwenye vijiti vyake. Majogoo mara nyingi huchelewa zaidi. Mgongo ukiwa wazi lakini ngozi ni safi, haina damu wala kidonda, usihangaike. Ukiona damu hapo wanadonoana, punguza msongamano.

Mabawa: kama ni saa nane mchana na banda zima linahema, ni joto la Morogoro hilo. Jioni yakirudi mahali pake, basi. Wa kuogopa ni yule anayeshusha mabawa alfajiri kwenye ubaridi, kajivimbisha, kafumba macho.

Afisa_Mstaafu
Naongezea kwa Bibi. Kinyesi cha kahawia chenye kunata ni cha kawaida kabisa, kinatoka kwenye vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Kila vinyesi kumi hivi utakiona kimoja, na ndicho kinachonuka kuliko vyote. Watu wengi wamenunua dawa kwa sababu yake bure. Shida ni kikiwa majimaji, cheupe kama chokaa, kijani, au chenye damu.

Hao wanaojikunyata ndio swali lenyewe. Ingia bandani asubuhi kabla hujaweka chakula, piga makofi mara moja. Mzima aliyelala, hata kama alikuwa kajinyoosha miguu kama mfu, atakurupuka. Mgonjwa atabaki hapo hapo. Halafu jioni, baada ya kula, shika gole lake: la mzima limejaa, la mgonjwa ni tupu. Likiwa bado limejaa na gumu asubuhi, hilo nalo ni tatizo, lakini ni la kuziba.

Kiambu_Layers
Nakubaliana na nyinyi, lakini mimi singesubiri. Huku Kiambu, Kenya, ukienda agrovet, duka la dawa za mifugo, na kuku anayejikunyata, utauziwa antibayotiki kwanza, na hapo ndipo watu hupoteza kundi. Virusi kama Gumboro na kideri havisikii antibayotiki. Koksi husababishwa na kijidudu kingine kabisa, kwa hivyo nyingi ya hizo antibayotiki hazitamaliza, ingawa dawa za salfa husaidia dhidi yake. Kati ya hizo tatu, amprolium ndiyo ningeanza nayo. Koksi ikiwa kali huua haraka kuliko utakavyopata majibu.

Afisa_Mstaafu
Kiambu, sawa kwa sehemu. Tatizo ni umri. Wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo hiyo hiyo ya Gumboro, na mgonjwa wa Gumboro naye hujikunyata, huhara meupe majimaji, na mara nyingi hujidonoa mkunduni. Ukitoa amprolium tu ukangoja, utajidanganya. Mfugaji_Moro, tuambie: maranda yakoje? Chanjo? Vifo?

Mfugaji_Moro
Maranda yameloa chini ya vinyweo, yananuka amonia. Gumboro walichanjwa mara moja, kideri pia mara moja. Vifo bado. Leo asubuhi nimefanya la makofi: wawili hawakuinuka, na kinyesi cha mmoja kina damu.

Afisa_Mstaafu
Damu na maranda mabichi, hapo binamu yako ameshinda. Mayai ya koksi hupevuka kwenye unyevu na joto. Tenga hao wawili. Amprolium iwe kwa banda zima, kwa kipimo cha kwenye pakiti, kwa siku zote zilizoandikwa, na isiwepo ndoo nyingine ya maji wanayoweza kukimbilia. Toa maranda yaliyoloa leo, inua vinyweo hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Chanjo moja ya Gumboro haitoshi. Ratiba ya huku kwetu kwa kawaida ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena ya 21, Gumboro tena ya 28. Usichanje wagonjwa, ngoja wachangamke.

Akifa hata mmoja, usimzike. Mweke kwenye ubaridi, usimgandishe, umpeleke SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hapo Morogoro, siku hiyo hiyo wampasue. Vile vifuko vikiwa vimejaa damu ni koksi. Mapaja yakiwa na madoa ya damu, watafikiria Gumboro.

BibiWaKuku
Na huyo muuzaji wa duka mwambie antibayotiki abaki nayo kwanza.

Mfugaji_Moro
Asanteni sana. Moja la mwisho: nina vitamini za maji, niziweke pamoja na amprolium ili wapate nguvu?

Afisa_Mstaafu
Hapana. Amprolium inafanana na vitamini B1, inafanya kazi kwa kuwanyima koksi hiyo B1. Ukiongeza vitamini zenye B1 unawalisha adui. Maliza dawa kwanza, vitamini zifuate.

Kiambu_Layers
Hii ya B1 sikuwa naijua. Sasa nafungua pakiti ya vitamini niliyo nayo kuangalia.