Naomba ushauri: kulinganisha vina vya maziwa ya Alpi kwenye mchoro mmoja

Habari za leo wadau wa jiografia. Tunaandaa mchoro wa ukutani wa maziwa ya milima ya Alpi, Ulaya, kwa kidato cha tatu hapa Moshi, na tumekwama kwenye mpangilio.

Kwa kina kikubwa kabisa, Como linaongoza kwa mita 410, Maggiore 372, Garda 346, Geneva 310, Constance 251. Lakini ukihesabu kutoka usawa wa bahari, mambo yanageuka. Uso wa Como uko mita 198 juu ya bahari, kwa hiyo sakafu yake iko 212 chini ya bahari. Uso wa Garda uko mita 65 tu, sakafu yake inashuka hadi 281 chini! Geneva, uso wake ukiwa 372, sakafu inabaki juu ya bahari kwa mita 62.

Kina cha wastani nacho kinavuruga: gawa ujazo kwa eneo. Geneva, kilomita za ujazo 89 kwa kilomita za mraba 580, inatoa kama mita 153, karibu sawa kabisa na Como.

Skeli ni sentimita 1 kwa mita 20. Ziwa Chala la hapa kwetu Kilimanjaro, lenye kina cha karibu mita 90, litapata sentimita 4.5 pembeni. Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, hakiingii, kingedai karatasi ya karibu mita 3.

Je, nyuso zote zianzie mstari mmoja, au kila ziwa likae kwenye mwinuko wake halisi? Mimi naegemea la pili, ila nahofia wanafunzi watasoma Garda kuwa ndilo lenye kina zaidi. Mngeweka alama gani kuzuia hilo?