Naomba ushauri: shamba lenye mkataba wa CRP, ninunue au niachane nalo?

KijanaWaIringa: Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tuko Iowa, Marekani, tumepata shamba eka 80 kusini kule vijijini, mzee anauza maana watoto wake hawataki kilimo. Sasa eka 50 hazilimwi, zina nyasi na maua tu, ziko kwenye ule mpango wa serikali wa kupumzisha ardhi yenye mmomonyoko, CRP, na mkataba umebaki miaka 6. Kila Oktoba mzee analipwa kwa eka. Dalali anasema hiyo hela ya kukaa tu, shamba linajilipia, ila mimi nilitaka kufuga mbuzi, huku soko lipo, Wasomali, Wakongo na sisi wenyewe tunahangaika kupata nyama ya kueleweka. Nikichukua mkataba mbuzi watakula wapi? Na nikiukataa nadaiwa? Tusije tukaingia mkenge.

mama_Kansas: Hongereni sana mdogo wangu. Ila hela ya kukaa siyo kabisa! Magugu unapambana nayo wewe, vimiti vikiota unang'oa wewe, katikati ya mkataba kuna kazi km kuchoma moto kwa mpango ili nyasi zisisongamane, na msimu wa ndege kutaga huruhusiwi kufyeka. Mbuzi usiwaingize humo bila ruhusa ya maandishi ya ofisi ya FSA ya kaunti, ile idara ya kilimo ya serikali inayosimamia mikataba hii. Ruhusa za malisho zipo, hasa ukame ukibana, ila zina masharti na nyingine wanakata sehemu ya malipo.

hesabu_kwanza: Mkuu soma hapa taratibu. Ardhi ikiuzwa mnunuzi ana siku 60 za kuurithi mkataba, ukigoma unavunjwa na muuzaji anatakiwa arudishe malipo yote aliyopokea tangu mwanzo, na riba, na juu yake faini ya asilimia 25 ya malipo ya mwaka. Ndiyo maana wauzaji wengi wanaweka kipengele kwamba mnunuzi lazima auchukue, au ukivunjika alipe yeye. Kitafute hicho kipengele kabla hujasaini, na wakili awe anayejua mashamba, siyo wa ajali za magari. Malipo ya Oktoba ijayo mgawane vipi na mzee pia iandikwe. Halafu yanakatwa kodi, usiyahesabu yote km yako. Una uraia au grini kadi? Kama huna kuna masharti ya ziada.

KijanaWaIringa: Grini kadi ninayo. Aisee hilo la faini dalali hakuligusa kabisa.

bwana_mbuzi: Mimi ningenunua na mkataba wake. Hizo eka ziliwekwa humo kwa sababu udongo unaondoka na maji, mpango wenyewe ulianza 1985 kwa ajili hiyo, kwa hiyo usizionee uchungu. Anza na mbuzi wachache kwenye eka 30 zilizobaki, malipo yakusaidie kujenga uzio, na mkataba ukiisha usipige jembe, una malisho yaliyokomaa tayari, unaingiza mbuzi tu. Ukitaka kulima mahindi pale utadaiwa mpango wa kuhifadhi udongo, la sivyo unakosa misaada mingine ya serikali.

KijanaWaIringa: Asanteni sana, mmenifungua macho. Jumatatu naenda FSA pamoja na mzee mwenyewe, nataka nakala ya mkataba na ramani ya hizo eka 50. Bwana mbuzi, uzio gani unatumia?

bwana_mbuzi: Wavu, mkuu, na waya wa umeme juu. Waya wa ng'ombe wanapita wote. Na mpaka wa CRP uzungushie kwanza.