Orodha nyeusi za barua taka: zifunge mlango au zitoe alama tu?

Raskazone: Mawakala wa forodha hapa bandarini Tanga wanakosa barua pepe za wateja kwa sababu seva zao zinakataa kila anwani ya IP iliyomo kwenye orodha nyeusi, yaani orodha ya anwani zinazoshukiwa kutuma taka. Naona orodha iongeze alama tu kwenye SpamAssassin (programu inayopima taka kwa alama), isipewe mamlaka ya kukataa. Mnasemaje?

Fundi wa Ngamiani: Sikubali. Kuweka ZEN, orodha ya pamoja ya Spamhaus, kwenye Postfix (programu ya seva ya barua) ni mstari mmoja, na taka zinaishia mlangoni kabla hazijala diski. Wengi wanaolia wameonewa ni hao wa Chumbageni, seva ipo nyuma ya ruta ya nyumbani, umeme ukikatika anwani inabadilika. Ukiiuliza ZEN na jibu likiwa 127.0.0.4 hiyo ni PBL, wamejitakia.

Mwana Chumbageni: Kaka, Chumbageni imekukosea nini? Na hiyo 127.0.0.4 ni XBL, yaani kuna mashine iliyoambukizwa. PBL ni 127.0.0.10 na 11, wala haimtuhumu mtu: inasema tu anwani hii haipaswi kutuma moja kwa moja kwa poti 25. Unapitisha barua kwa seva ya mtoa huduma, poti 587 na nywila, basi. Kwenye intaneti ya simu watu kibao wako nyuma ya IP moja, simu moja ikiugua wote wanaingia XBL. Hapo mwenye ofisi kajitakia nini?

Fundi wa Ngamiani: Namba nimekosea, sawa. Ila seva inajitambulisha (HELO) kwa jina "localhost", na PTR, yaani jina la DNS la anwani yake, hakuna; huo nao ni uonevu?

Bi Pangani: Wanangu, mnagombania mtaa. Someni kwanza ile barua ya kosa la 550 mnayorudishiwa mkikataliwa, inataja orodha. Kisha geuza tarakimu: 203.0.113.25 unaiuliza kama 25.113.0.203.zen.spamhaus.org. Ukirudishiwa 127.255.255.254, hilo si jibu kwamba umeorodheshwa. Umeuliza kupitia DNS (seva ya kutafuta majina mtandaoni) ya umma kama 8.8.8.8, na Spamhaus hawaijibu. Postfix isiyochagua majibu inaliona hilo kama "ndiyo", inakataa dunia nzima! Weka Unbound, programu ya DNS yako mwenyewe, hapohapo kwenye seva, na uandike zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]. Halafu permit_sasl_authenticated (kuruhusu walioingia kwa nywila) itangulie reject_rbl_client (kukataa walio orodhani), la sivyo unawafungia wafanyakazi wako mwenyewe.

Raskazone: Shikamoo Bi Pangani. Na wanaodai pesa ili wakutoe orodhani?

Bi Pangani: Marahaba. Spamhaus hawatozi. UCEPROTECT, wenye orodha nyingine, ndio wanaouza kutolewa haraka, na ngazi yao ya 3 inaorodhesha mtandao mzima wa mtoa huduma kwa makosa ya majirani. Msilipe. Ngazi ya 1 inajifuta siku 7 taka zikikoma.

Mwana Chumbageni: Anayekataa barua kwa ngazi ya 3 ndiye wa kulaumiwa, hata awe wa Ngamiani.

Fundi wa Ngamiani: Ngazi ya 3 mimi situmii. ZEN siitoi.