Yaani episodi SABA halafu wakaizima?? Raines imenivuruga

Wakuu heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe, sipoi.

Kuna rafiki yangu, tena mtu ninayemuamini sana kwenye mambo ya tamthilia, kanitumia Raines akasema "we si unapenda upelelezi, cheki hii". Basi, hakuongeza neno. Mimi nikajua ni zile ndefu za sizoni nane, nikajibana kabisa, episodi moja kila usiku ili nisiimalize haraka, kumbe najibania kitu cha wiki moja! Usiku wa nane nimekaa nasaka ya nane, nikahisi labda kuna mafaili yamegoma, nikampigia. Jamaa anacheka. "Ziko saba tu ndugu yangu, ilizimwa toka 2007." Nilikata simu na mpaka sasa hivi sijamsemesha.

Kwa ambao hamjaiona, Jeff Goldblum, yule mrefu wa Jurassic Park, ni mpelelezi wa mauaji Los Angeles anaitwa Michael Raines na anaongea na watu waliouawa. Najua kuna mtu tayari anasema "aah mizimu tena", subiri kwanza mkuu. Sio mizimu. Hakuna roho ya mtu hapo wala uchawi, ni kichwa chake mwenyewe tu na yeye anajua hilo vizuri na linamtisha. Marehemu hawezi hata kumtajia muuaji, atamtajaje wakati anajua kile tu ambacho Raines anakijua?

Sasa utamu uko hapa. Mwanzo anamuona marehemu vile alivyomdhania, halafu anaenda kuhoji watu, anaokota kitu kipya kuhusu maisha yake, na yule aliyesimama pembeni yake anabadilika hapohapo, nguo nyingine, maongezi mengine, kama vile kaja mtu tofauti. Yaani muda wote ule alikuwa anaongea na mtu aliyemtunga! Kesi nzima ni huyu jamaa anamrekebisha marehemu kichwani kidogo kidogo mpaka afanane na yule aliyekufa kweli, na kesi ikiisha marehemu anaondoka. Nitajieni polisi mwingine wa kwenye tv anayehangaika hivyo. Hao wengine maiti ikishafunikwa shuka dakika ya tatu imesahaulika, kinachobaki ni maabara na kufukuzana na magari.

Na Goldblum mnamjua anavyoongea, anaianza sentensi anaiacha njiani anairudia kwa nyuma. Mpe mtu kama huyo abishane na hewa mbele ya askari wenzake uone, mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake huku nacheka. (Walioiona wanakumbuka ishu ya Charlie, patna wake, kwenye episodi ya kwanza. Sisemi kitu, mkaone wenyewe.)

Haya, walivyoiua sasa. Ilianza kwenye kituo cha NBC cha Marekani Alhamisi tarehe 15 Machi 2007, saa nne usiku, muda ambao ilikuwa inakaa ER, ile tamthilia maarufu ya madaktari, yaani ilipewa kiti cha mbele kabisa. Ikakaa Alhamisi mbili tu! Wakaitupa Ijumaa usiku, na Ijumaa usiku Marekani ndio makaburi ya tamthilia, watu hawapo nyumbani na wakubwa wa televisheni wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Tarehe 27 Aprili imeisha. Siku 43, kwa hiyo arobaini yake imepita kwa siku tatu.

Nikipata mtu wa kuniambia ilizimwa kwa sababu ni kazi ya wanafunzi nitagombana naye. Aliyeitunga ni Graham Yost, ndiye aliyeandika filamu ya Speed ya 1994, na baada ya hapo akaenda kutengeneza Justified ikaenda sizoni sita. Episodi ya kwanza dairekta ni Frank Darabont wa The Shawshank Redemption. Unataka watu gani tena? Halafu kinachonichoma zaidi, 2009 Goldblum huyohuyo anaingizwa Law & Order: Criminal Intent kuwa polisi. Kwa hiyo tatizo halikuwa Goldblum kuvaa beji, tatizo lilikuwa kile kichwa.

Na wana tabia hiyo hawa NBC. Mwaka uleule 2007 wakaleta Life, Damian Lewis kafungwa miaka 12 kwa mauaji asiyoyafanya, katoka tajiri, karudi polisi anatembea anakula matunda, hiyo angalau ilifika episodi 32. 2012 wakaja na Awake, Jason Isaacs kapata ajali na familia yake, akilala huku anaamkia kule, upande mmoja mke yuko hai, upande wa pili mtoto ndio yuko hai, anavaa kamba nyekundu na ya kijani mkononi ili ajue yuko wapi. Kumi na tatu, wakazima. Kituo kilekile zote tatu!! Sasa kama hamuwawezi hawa wapelelezi wa ajabu mnawaita wa nini, si mbaki na wale wenu wa kuvaa suti na miwani ya jua.

Ndio, najua watazamaji walikuwa wanapungua, biashara ni biashara. Na sehemu za yule mwanasaikolojia anayeongea na Raines, nikiri tu, kuna muda zilinichosha. Lakini watazamaji gani wasipungue kama wakiizoea siku hii mnaihamisha ile?

Mwenye kujua nyingine ya aina hii iliyofika walau sizoni tatu aitaje hapa chini. Ila idadi ya episodi aanze nayo KABLA ya jina.